Jina Lisilo na Mwenyewe

Kazi ya kwanza niliyofundishwa katika boma la Njombe haikuwa kuandika. Ilikuwa kuupasha moto wino wa muhuri. Vijana mlionirithi meza mtacheka, maana ninyi mmekuta madirisha ya vioo na jiko la bati pembeni, lakini sisi tulikuwa na madirisha ya mbao, na baridi ya Njombe mwezi wa saba haipigi hodi. Wino uligoma ndani ya kikopo chake, na ukibonyeza muhuri unapata nusu ya taji la Mfalme, nusu hakuna kitu. Basi karani mgeni alitangulia kufika, akachochea mkaa na kukiweka kikopo karibu na moto. Nasema karibu, si juu. Mimi nilikiweka juu, na ofisi nzima ikanuka wino ulioungua mpaka jioni.

Aliyenipokea ni Mzee Hamisi, karani mkuu, mtu wa Tanga aliyesoma shule za Wajerumani. Waingereza walipokuja walimkuta mezani na wakamwacha hapo hapo. Alikuwa akisema, “Mimi nimebadilisha serikali, sijabadilisha kiti.” Alivaa koti juu ya kanzu na blanketi juu ya koti, na katika miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kukubali kwamba nchi yetu ina jua. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata Bwana Shauri mmoja, mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliutuma kwa mama yake Uingereza auone.

Siku ile ya kwanza aliniuliza jina. Nikamjibu kwa haraka ya kijana anayetaka kuonekana hodari. Akaniambia nisimame nilitaje tena, polepole, kama mtu anayeapa. Nikasimama: Zakaria Mwavika, wa Kifanya. Akaliandika, akanisomea, akaniuliza kama ndilo. Nikasema ndilo. “Basi hivyo ndivyo utakavyomwandika kila mtu atakayesimama mbele yako,” akasema. “Hata kama ni mlevi. Hata kama nyuma yake kuna foleni mpaka barabarani. Jina si mali yako wewe uliyeshika kalamu. Lina wenyewe.”

Nimeandika majina tangu siku ile mpaka nilipokabidhi funguo, na sijaona fundisho lililo bora kuliko hilo. Mengine mtayasoma katika sheria.

Kubadili jina, kwa sheria yenyewe, lilikuwa jambo dogo. Mtu anakula kiapo mbele ya Bwana Shauri kwamba ameliacha jina lile na kulishika hili. Mashahidi wawili wanaweka sahihi au dole gumba, muhuri unapigwa, hati moja anaondoka nayo na nakala inabaki kwetu. Kabla ya hapo tangazo linabandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi aje. Mzee Hamisi hakuuamini ubao hata kidogo. Alisema matangazo ya ubaoni wanayasoma mbuzi, na kweli mbuzi wa askari walikuwa wakiyatafuna kwa ajili ya gundi ya unga. Kwa hiyo aliagiza kila tangazo lisomwe sokoni, kwa sauti, siku ya gulio, na msomaji nilikuwa mimi.

Nilisoma mambo. Vijana wetu waliokwenda kukata mkonge walirudi na majina waliyopachikwa na manyapara: Boksi, Jumatatu, Sigara, mmoja aliitwa Kesho kwa sababu ya uvivu wake. Stakabadhi zao za kodi ziliandikwa hivyo, na sasa walitaka kuoa na kubatizwa, na hakuna baba anayetaka wajukuu wa Kesho. Hao nilifurahi kuwaandika. Alikuja pia bwana mmoja mpole sana aliyetaka jina jipya kabisa, la kwanza mpaka la mwisho, na sababu hataji. Nikalisoma tangazo lake gulioni. Kabla sijalikunja, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na wengine wawili nyuma aliniuliza huyo mpole anakaa nyumba ipi. Alikuwa amemtafuta tangu masika. Mzee Hamisi alicheka mpaka blanketi likamwanguka, kisha akanigeukia, “Umeona? Mbuzi asingetusaidia.”

Wakati vita ya Hitla imekwisha na nchi inapandwa miwati, miti ya magome ya kulainishia ngozi, Mzee Hamisi aliomba kurudi kwao akafe penye joto. Mimi nikapelekwa Makambako kufungua meza ndogo ya serikali kwenye njia panda. Makambako ya wakati ule ilikuwa malori, vumbi, maduka machache ya Wahindi na kambi ya watu waliokuwa wakingoja kusafirishwa kwenda mashambani. Bwana Shauri alikuja kila mwezi kutoka Njombe kusikiliza kesi na kutia sahihi. Siku nyingine serikali ilikuwa mimi, taipureta yenye herufi iliyokatika mkia, na tarishi mmoja.

Hapo ndipo alipokuja Petro.

Nilimjua kwa sura, kama kila mtu alivyomjua. Alikuwa mpasua mbao katika kiwanda kidogo cha Mzee Alfonsi Mtulima, fundi seremala Mkatoliki aliyetengeneza nusu ya milango ya Makambako. Petro alikuwa mtu mzima, mabega mapana, mkimya, na pale alipoketi sakafuni palibaki unga wa mbao. Nikamwambia asimame ataje jina lake.

“Petro Misheni,” akasema.

“Misheni ni baba yako?”

“Misheni ni misheni, Bwana Karani. Mapadri waliniokota njiani wakati ule wa homa, baada ya vita ya Wajerumani. Nilikuwa sijatambaa. Aliyenibeba alikuwa amelala kando ya njia, amekufa, na hakuna aliyemjua. Walipoandikisha watu wa kodi, karani aliuliza natoka wapi, nikasema misheni. Akaandika.”

Karani huyo sikuwa mimi, namshukuru Mungu. Nikamuuliza anataka nini.

“Nataka jina la ukoo. Nasikia serikali inaweza. Nipe lolote lile, ilimradi halina mwenyewe.”

Sasa ninyi ambao mmetoka Tabora na Moshi lazima niwaeleze. Huku kwetu ukoo ni jina na mwiko wake. Kila ukoo una kitu usichokula, na watoto wanakijua kabla ya kujua sala. Sisi akina Mwavika hatuli figo, ya mnyama yeyote. Akina Mtulima hawali kware. Wengine ni maini, wengine mbawala, wengine sungura, na wapo wa uyoga fulani unaoota baada ya mvua za kwanza. Ukienda kuposa, kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe, wazee wa upande wa pili wanauliza: mnaitwa akina nani, na mwiko wenu ni nini? Mkilingana, ninyi ni ndugu, na ndoa haipo. Kanisa limekuja, la Walutheri na la Wakatoliki, na swali hilo limebaki mahali pake.

Petro alitaka kumwoa Bernadeta, binti wa fundi wake. Binti alimtaka. Mzee Alfonsi alimtaka zaidi ya binti, nadhani. Lakini ndugu za Mzee Alfonsi walikuwa wamekaa kikao wakasema: mtu huyu hajui mwiko wake. Vipi kama ni kware? Vipi kama yule aliyekufa njiani alikuwa mmoja wetu? Tutamwoza binti yetu kwa kaka yake, na watoto wakizaliwa na kasoro tutamlilia nani? Wakatoa muda mpaka mavuno ya ulezi. Kulikuwa na mjane mmoja wa kiume, mwenye shamba kubwa la miwati, ambaye mwiko wake ulijulikana na mshenga wake alikuwa amekwisha kufika.

Nilimwambia Petro ukweli. Nikamwambia, hapa hakuna jina lisilo na mwenyewe. Majina ya nchi hii ni kama vinyungu, bustani zetu za mabondeni: ukiona kipande kimekaa kitupu usidhani ni cha bure, mwenyewe yupo kilimani anakutazama. Naweza kukuandikia jina lolote na Bwana Shauri atatia sahihi. Lakini utakwenda nalo kwa wazee wale, watauliza ni nani aliyekupa, na utawaambia ni serikali. Serikali haina mwiko.

Akapangusa unga wa mbao magotini. Kisha akasema, “Basi niandike hivyo hivyo, Bwana Karani. Angalau nife na kitu.” Niliumia kusikia maneno hayo, nasema wazi, na nikamwambia arudi wiki atakayokuja Bwana Shauri.

Bwana Shauri wetu wakati ule alikuwa kijana mwenye nywele za rangi ya mahindi, mwepesi wa kusaidia na mwepesi wa kuchoka. Nilipomweleza alishangaa. “Achague tu, Karani. Mimi nikitaka kujiita jina jingine kwetu, nani atanizuia?”

“Hakuna, Bwana,” nikasema. “Lakini huyu anataka mke, na mke ana baba wadogo.”

Akacheka, akasema basi mambo ya baba wadogo ni yangu, yeye ataweka sahihi nikimletea.

Nikaenda kwa Mzee Alfonsi. Nilimkuta anapiga randa ubao wa mvule, hakuniangalia. “Kamwene, Mwavika,” akasema, maana huku mtu anasalimiwa kwa ukoo wake. Nikajibu. Nikamuuliza kama hakuna njia.

“Njia ipo moja, nayo ni mbaya,” akasema. “Jina langu mwenyewe ningempa leo. Nimekaa naye tangu hajaota ndevu, sijamwona akiiba hata msumari. Ndugu zangu nimewaambia tumpokee, awe Mtulima, na wamekubali. Wamekubali kwa furaha. Unajua kwa nini? Akiwa Mtulima ni kaka yake Bernadeta, na habari ya ndoa imekwisha.” Akapuliza maranda. “Nimempelekea habari hiyo jana. Achague kuwa mwanangu au mkwe wangu. Hajanijibu, na leo amepasua mbao mbili zikapinda.”

Bernadeta alikuwa mlangoni na kapu la maranda ya kuwashia moto. Alikuwa msichana mrefu, mkavu wa maneno. “Baba, usimwambie karani nusu,” akasema. “Mwambie na mimi nilivyosema. Akikubali kuwa kaka yangu nitamsalimu kama kaka, na kwa yule mwenye miwati siendi. Nitakaa hapa nyumbani nizeeke, mnitazame.”

“Umesikia?” Mzee Alfonsi akaniambia. “Ndiyo mahari nitakayokula.”

Kutoka pale nilitembea mpaka mezani kwangu nikakaa. Kalamu ilikuwepo, wino ulikuwepo, muhuri ulikuwepo, na vyote havikuwa na kazi. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikiwaambia watu jina lina wenyewe. Na mimi je? Si mwenyewe mmojawapo? Petro aliporudi nilimwambia, “Omba ruhusa ya kesho kiwandani. Tunakwenda kwetu Kifanya.” Akauliza kuna nini Kifanya. Nikasema kuna Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa Lutangilo, ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu, ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo wetu. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na mtu ambaye hata mvua ilipochelewa alitaka ije kueleza sababu. Tulipanda lori la magogo mpaka Njombe, tukamalizia kwa miguu. Njiani nilimwambia Petro mambo ya adabu: asikae kabla ya kuambiwa, asimalize togwa yote kwa pumzi moja. Mwiko wetu sikumtajia. Nilijua Baba Mkubwa ataniuliza, na nilitaka niweze kumjibu nikimtazama usoni.

Nilipomaliza kueleza shida, Baba Mkubwa alitikisa kichwa.

“Mwanangu,” akasema, “wewe serikali imekuharibu. Unadhani jina ni chumvi, mtu anakuja kuazima kikombe. Huyu ni mtu wa nani? Hujui. Mkatoliki?”

“Ndiyo, Baba.”

“Hilo si kitu, ukoo ulikuwepo kabla ya makanisa yote mawili. Lakini nikimpa jina leo, akalewa akamuua mtu kule Makambako, watasema Mwavika ameua. Hapana. Ni mgeni wenu, ale, alale, kesho mrudi.”

Akachinja mbuzi, maana pamoja na ukali wake hakuwa mchoyo. Nyama ilipoiva alimwambia mkewe, Mama Mkubwa, alete sahani ndogo ya mgeni. Nikaiona nikafahamu. Zilikuwa figo, zimechomwa vizuri na chumvi juu. Kwetu figo hupewa mgeni, kwa kuwa sisi hatuzili, na mgeni akizila kila mtu anaona kwa macho yake kwamba si wetu. Ni heshima, na pia ni namna ya kufunga mjadala bila kugombana.

Petro alipokea sahani kwa mikono miwili. Akashukuru. Akaiweka chini, akachukua ugali na mchuzi.

“Kula, mgeni,” akasema Baba Mkubwa.

“Nashukuru, Baba. Figo sili.”

Baba Mkubwa aliacha kutafuna, akanigeukia mimi. Sijawahi kutazamwa vile na hakimu yeyote. “Zakaria. Umemfundisha.”

“Baba, sikumfundisha.”

“Umemfundisha njiani aje kunidanganya nyumbani kwangu. Karani mzima, unamfundisha mtu mwiko wa baba yako ili apite.”

Nilianza kuapa, akaninyamazisha kwa mkono. “Mama, lete maini.”

Maini yakaletwa. Sisi maini tunakula, tena kwa kugombania. Petro akayaangalia na uso ukawa mzito. “Samahani, Baba. Na maini sili.”

“Maini huli? Basi kware. Wapo wawili wa kukaushwa, Mama, lete kware.”

“Na kware sili, Baba.”

“Mbawala?”

“Sili.”

“Sungura?”

“Sijawahi.”

Mama Mkubwa alikuwa amesimama na sahani mikononi hajui aiweke wapi. “Mwanangu,” akamwambia Petro kwa upole, “tumbo linakusumbua?”

“Hata mapadri walidhani hivyo, Mama. Walininywesha dawa.” Petro alitazama mikono yake. “Tumbo langu ni zima. Ila mimi sijui mwiko wangu. Nikiwa mdogo pale misheni nilisikia wenzangu wakisema, kwetu hatuli hiki, kwetu hatuli kile. Mimi nikawaza, kimoja katika hivyo ni changu. Nikila figo, labda nawatukana wazee wangu. Nikila kware, labda ndio hao nawatukana. Sasa nifanyeje? Nikaacha vyote. Kila mwiko ninaousikia naushika. Hata uyoga ule wa mvua za kwanza siokoti.”

“Tangu lini?” Baba Mkubwa akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Tangu nipate akili, Baba.”

Mimi nilikuwa nimeishi naye mji mmoja na sikujua. Mzee Alfonsi alikuwa amekaa naye miaka yote ile akidhani ana kijana wa tumbo dhaifu. Nilitazama mlango, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka Baba Mkubwa ayaone.

Baba Mkubwa alivuta ile sahani ya figo, akaisukumia mbali na Petro, akampa mtoto wa jirani aondoke nayo. “Kwa hiyo mwiko wetu,” akasema polepole, “umekuwa ukiushika huko misheni, peke yako, hujui hata kama tupo.”

“Nilikuwa nautunza tu, Baba. Mwenyewe angekuja.”

Mzee alinawa mikono. Kisha akaniambia mimi, kwa ukali ule ule wa siku zote, kana kwamba nilikuwa nimembishia: “Wapo watoto niliowazaa mwenyewe wanaokula figo mjini nikiwa siwaoni. Nimesikia. Wewe karani, unasubiri nini? Kesho asubuhi niitie wadogo zangu.”

Wadogo zake walikuja, wakaleta maneno mengi, lakini mkubwa alikuwa ameshaamua. Walimwagia togwa makaburi ya wazee, na kwa kuwa ni Walutheri wakamalizia na sala ya Baba Yetu, ili wasiwapunje wazee wala kanisa. Walimwambia Petro neno ambalo mimi, katika hati zote nilizoandika, sikuwahi kupata mahali pa kuliandika: kuanzia leo figo ni yako wewe kutokula, na mengine yote ni chakula.

Mezani Makambako kulikuwa na tatizo moja. Nilikuwa sasa ndugu wa mwenye shauri, na karani hamwandikii ndugu yake. Nikamwomba Bwana Shauri aje na karani mwingine kutoka Njombe, na nikaketi kwenye benchi la raia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Vijana, kaeni siku moja kwenye benchi lile. Ni gumu, na kutoka pale karani anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Karani mgeni aliuliza sababu ya kubadili jina. Baba Mkubwa, aliyekuja kuweka dole lake kama shahidi, akajibu yeye: “Sababu ni kwamba ana watu.” Bwana Shauri aliuliza kama hiyo ni sababu kisheria. Nikasema toka benchini, bila kuulizwa, kwamba mimi sijaona sababu iliyo nzuri kuliko hiyo. Akaniangalia kidogo, kisha akatia sahihi. Tangazo lilikuwa limesomwa gulioni kama desturi, na hakuna aliyeleta pingamizi isipokuwa mlevi mmoja aliyesema yeye naye anataka kuwa Mwavika. Tulimwambia afikirie figo kwanza.

Nimeandika mambo makubwa katika kazi hii. Nimeandika mipaka ya nchi, kesi za mauaji, orodha za watu waliokwenda vitani na wasirudi. Mkiniuliza ninajivunia nini, najivunia jina lile, ambalo hata sikuliandika kwa mkono wangu.

Tulikwenda kuposa kabla ulezi haujakatwa. Tulikuwa watu wa Kifanya sebule nzima, Petro katikati yetu amevaa koti langu, likimbana mabegani. Upande wa pili alikaa Mzee Alfonsi na ndugu zake, nyuso za kazi, kana kwamba hawajawahi kumwona Petro wala hakuwapasulia mbao za vitanda vyao. Ndivyo inavyotakiwa. Posa haina kujuana.

Mkubwa wa ndugu zake Mzee Alfonsi akakohoa. “Wageni, mnaitwa akina nani?”

“Akina Mwavika wa Kifanya,” Baba Mkubwa akajibu.

“Na mwiko wenu ni nini?”

Hapo kwa desturi hujibu mzee. Baba Mkubwa alikuwa mtu asiyemwachia mwingine neno hata kanisani, lakini alifumba mdomo, akamgeukia Petro, akamngoja. Sote tukamngoja.

“Figo,” akasema. “Hatuli figo.”

Wale ndugu wakatazamana. Mkubwa wao akaitikia kwa kichwa, na Mzee Alfonsi ndiye aliyemaliza, kwa sauti ambayo haikutulia sawasawa. “Sisi ni kware. Basi, kijana, wewe si ndugu yetu.”

Petro akafunika uso kwa mikono yake miwili na kulia. Sijamwona mtu mwingine aliyelia kwa furaha kwa kuambiwa si ndugu. Baba Mkubwa alimwekea mkono mgongoni na kuwaeleza wenyeji, kwa sauti ya kuamsha kijiji, kwamba kwetu wanaume hulia, ni kitu cha ukoo, ambalo ni jambo nililolisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Mazungumzo ya ng'ombe yalipokwisha, chakula kililetwa. Bernadeta hakutakiwa kuonekana, lakini alitokea, akapita mbele ya wazee wote akiwa amebeba sahani moja, akaiweka mbele ya Petro na kubaki amesimama. Yalikuwa maini ya ng'ombe, yamekaangwa kwa vitunguu. Petro alimtazama Baba Mkubwa, na Baba Mkubwa akasema, “Si yako hayo kutokula.” Akachukua kipande kwa vidole, akakitia mdomoni, akatafuna polepole huku sebule nzima ikimwangalia.

Alipomaliza sahani aliomba mengine.